Siku Tatu za Wimbledon, 1967

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za mashindano ya tenisi yaliyochezwa Wimbledon, katika mji wa London, mwezi wa Agosti mwaka 1967. Washindani walikuwa wanaume wanane tu, na siku za mchezo zilikuwa tatu. Mtu aonaye hesabu hiyo aweza kusema kwamba ni jambo dogo, lisilostahili kuandikwa katika historia. Lakini siku tatu hizo zilitikisa kanuni iliyokuwa imekaa Wimbledon tangu mwaka 1877, yaani muda wa miaka 90. Kabla ya kupita mwaka mmoja kanuni ile ilikuwa imekwisha anguka.

Kanuni yenyewe ilikuwa hii: mtu apokeaye fedha kwa kucheza tenisi asikanyage uwanja wa mashindano makubwa. Twataka kuona jinsi kanuni hiyo ilivyozaliwa, ni nani walioumia kwa ajili yake, na jinsi watu wanane walivyosaidia kuivunja pasipo hotuba wala ugomvi, ila kwa kucheza vizuri mbele ya macho ya watu.

MCHEZO WENYEWE

Yafaa kwanza tueleze mchezo, kwa kuwa si kila msomaji amepata kuuona. Uwanja wa tenisi una urefu wa futi 78. Mtu mmoja akicheza na mwenzake mmoja, upana wake ni futi 27. Katikati umetandazwa wavu, na kila mchezaji husimama upande wake akiwa na raketi mkononi. Zamani zile raketi ilifanywa kwa mti, ikasukwa nyuzi katikati kama vile kitanda kisukwavyo kamba. Kazi ya mchezaji ni kuupiga mpira uvuke wavu na kuanguka ndani ya mistari, mahali ambapo mwenziwe hawezi kuurudisha.

Hesabu yake huwashangaza wageni. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu moja. Mtu akipata gemu sita, naye amemzidi mwenziwe kwa gemu mbili, amepata seti. Katika zama tunazozieleza, kama wawili wakilingana gemu tano kwa tano au sita kwa sita, waliendelea hivyo hivyo mpaka mmoja amzidi mwenziwe kwa gemu mbili, hata ikiwa ni kwa muda mrefu sana. Njia ya kufupisha seti ndefu ilianza kutumika Wimbledon mwaka 1971. Kwa sababu hiyo msomaji asistaajabu akiona hapa chini seti iliyokwisha kwa 11 kwa 9, au 12 kwa 10.

WA RIDHAA NA WA KULIPWA

Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalichezwa mwaka 1877. Wanaume 22 walijiandikisha, na mshindi alikuwa Spencer Gore. Watu wa klabu ile walikuwa watu wenye nafasi, wenye mapato yao na wakati wa kupumzika. Kwao mchezo ulikuwa pambo la maisha ya mwungwana, na waliona ni aibu kuuchanganya na mshahara. Mchezaji wa namna hiyo twamwita mchezaji wa ridhaa, yaani achezaye kwa kupenda tu. Yule achezaye kwa ujira huitwa mchezaji wa kulipwa.

Fikira hiyo ina uzuri wake, wala hatutaki kuidharau. Ni vema mtu acheze kwa kuupenda mchezo, akubali kushinda na kushindwa kwa uso mmoja, asiwe mtumwa wa fedha. Lakini kanuni iliyotungwa na watu wenye mali haikumkumbuka mtu asiye na mali. Mwana wa tajiri aliweza kusafiri miezi sita kwa mashindano, naye nyumbani kwao hapakupungua kitu. Mwana wa fundi au wa mkulima afanyeje? Akicheza, hana chakula. Akifanya kazi, hana wakati wa kujizoeza. Hivyo mlango ulioandikwa kwamba ni wazi kwa wote ulikuwa mwembamba sana kwa maskini.

Michezo mingine ya Waingereza ilipata dawa ya ugonjwa huo mapema zaidi. Mpira wa miguu uliruhusu wachezaji wa kulipwa mwaka 1885. Kriketi ilikawia sana, lakini mwaka 1962 wakuu wake walikata shauri kuondoa tofauti baina ya mabwana wasiolipwa na wachezaji waliolipwa. Tenisi ilibaki nyuma.

Kubaki nyuma kwake kulizaa uwongo. Watu walijaa viwanjani kuwatazama mabingwa, nao walilipa kiingilio. Wenye mashindano walitaka mabingwa waje, kwa kuwa pasipo wao watu hawaji. Ndipo walipoanza kuwapa fedha kwa siri, wakiziita nauli au gharama za safari. Mbele ya watu mchezaji aliitwa wa ridhaa. Nyuma ya pazia alipokea malipo yake. Jambo hilo lilijulikana kwa wengi, nao waliokuwa wakilijua walinyamaza.

WALIOFUNGIWA MLANGO

Mchezaji aliyekataa maisha ya kujificha, akatia sahihi mkataba wa wazi na kupokea fedha mchana, ndiye aliyeadhibiwa. Tangu siku ile hakuruhusiwa tena kucheza Wimbledon, wala katika mashindano makubwa ya Ufaransa, Marekani na Australia, wala kuichezea nchi yake katika Kombe la Davis.

Twachukua mfano wa Fred Perry, Mwingereza. Baba yake hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa mtu wa vyama vya ushirika, akawa mbunge wa chama cha Labour. Perry alishinda Wimbledon mara tatu mfululizo, mwaka 1934, 1935 na 1936. Hakuna Mwingereza mwanamume aliyepata ushindi ule tena mpaka mwaka 2013, alipokuja Andy Murray. Walakini Perry alipoingia katika mchezo wa kulipwa mwishoni mwa mwaka 1936, klabu ile ile aliyoiletea sifa ilimwondolea uanachama wake. Miaka ilipita, na mwaka 1984 sanamu yake ikasimamishwa Wimbledon. Twaona hapa jinsi heshima iwezavyo kuchelewa njiani.

Wengine walifuata njia ile ile. Bill Tilden wa Marekani aliingia mwishoni mwa mwaka 1930, Don Budge mwaka 1938, na Jack Kramer mwaka 1947. Pancho Gonzales, mwana wa wazazi wa Kimeksiko aliyezaliwa Los Angeles, alishinda mashindano ya Marekani mwaka 1948 na 1949, akatoka kwenda kutafuta riziki angali na umri wa miaka 21. Ken Rosewall wa Australia alitoka mara baada ya mwaka 1956. Lew Hoad, rafiki na mshindani wake tangu utoto, alishinda Wimbledon mwaka 1957, kisha naye akaondoka.

Maisha waliyoyafuata hayakuwa ya raha. Walisafiri kwa gari mji kwa mji, wakicheza usiku mmoja hapa na usiku wa pili mahali pengine. Mara nyingi walibeba uwanja wao wa turubai, wakautandika juu ya sakafu ya ukumbi, na mchezo ukiisha wakaukunja na kwenda zao. Katika safari ya mwaka 1949 na 1950 Kramer na Gonzales walikutana wao kwa wao mara zaidi ya mia. Kramer alishinda 96, na Gonzales 27. Mtu anayeshindwa kiasi hicho mbele ya watu, usiku baada ya usiku, ama huvunjika ama huwa chuma. Gonzales akawa chuma, na katika miaka iliyofuata alikuwa bingwa wa watu wa kulipwa.

Rod Laver naye alionja dawa hiyo. Kijana huyu wa Rockhampton, katika nchi ya Queensland, Australia, ambaye hutumia mkono wa kushoto, alishinda mwaka 1962 mashindano yote manne makubwa ya dunia kama mchezaji wa ridhaa. Magazeti yalimwita bingwa wa ulimwengu. Mwanzoni mwa mwaka 1963 akaingia katika kundi la wachezaji wa kulipwa, akakutana na Hoad na Rosewall. Katika michezo yake 21 ya kwanza alishindwa 19. Mtu yule yule, raketi ile ile! Hapo ndipo ilipoonekana dhahiri kwamba wachezaji walio bora walikuwa nje ya mlango, na wale waliokuwa ndani walikuwa wakigombea taji lenye upungufu.

SHAURI LA HERMAN DAVID

Mtu aliyeliona jambo hilo na kulisema wazi alikuwa Herman David, mwenyekiti wa klabu ya Wimbledon. Yeye mwenyewe alikuwa amepata kucheza tenisi, wala hakuwa adui wa mila za klabu. Lakini alichoka na uwongo. Mwaka 1960 wakuu wa tenisi wa nchi mbalimbali walikutana Paris, wakapiga kura kama mashindano kadha yafunguliwe kwa watu wote. Shauri hilo likaanguka kwa upungufu wa kura tano tu. Kwa miaka iliyofuata Waingereza walilirudia shauri lile bila mafanikio.

Ndipo ilipopatikana njia nyingine. Mwaka 1967 Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianza kurusha picha za televisheni zenye rangi, na picha za kwanza zilirushwa mwezi wa Julai kutoka Wimbledon kwenyewe. Shirika lilitaka mashindano mengine ya kuonyesha kazi hiyo mpya, na klabu ilitaka kujua kama watu wangependa kuwaona wachezaji wa kulipwa. Haja mbili zikakutana. Shirika likatoa fedha, klabu ikatoa uwanja, naye Jack Kramer akasaidia kupanga mambo. Zawadi zote pamoja zilifikia dola 45,000, kiasi kilichokuwa hakijapata kutolewa katika mashindano ya tenisi.

Twaomba msomaji auangalie vema ubusara wa jambo hili. Herman David hakuvunja kanuni ya mtu yeyote. Mashindano yale hayakuwachanganya watu wa ridhaa na watu wa kulipwa. Yalikuwa ya watu wa kulipwa peke yao. Lakini yalichezwa katika Uwanja wa Kati, mahali ambapo mwanamume wa kulipwa alikuwa hajapata kuruhusiwa kushindana. Aliyekuwa akifukuzwa mlangoni sasa alialikwa sebuleni.

WANANE WALIOALIKWA

Kutoka Australia walikuja Rod Laver, Ken Rosewall, Lew Hoad na Fred Stolle. Kutoka Marekani walikuja Pancho Gonzales, Dennis Ralston na Butch Buchholz. Kutoka Hispania alikuja Andrés Gimeno, mtu wa Barcelona.

Kila mmoja alikuwa na deni lake na uwanja ule. Laver alikuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 1961 na 1962, na kwa miaka mitano hakuruhusiwa kurudi kulitetea taji lake. Hoad alikuwa bingwa wa mwaka 1956 na 1957. Sasa alikuwa na miaka 32, na maumivu ya mgongo yalikuwa yamemwondolea nguvu nyingi. Stolle alifika mchezo wa mwisho miaka mitatu mfululizo, 1963 mpaka 1965, akashindwa yote mitatu. Ralston alifika huko mwaka 1966, akashindwa na Manuel Santana.

Rosewall alishindwa katika mchezo wa mwisho wa mwaka 1954, akashindwa tena mwaka 1956, na mara hiyo ya pili aliyemshinda ni Hoad. Watu wengi wa Australia walipenda kuwataja wawili hawa kama pacha, kwa kuwa walizaliwa Sydney mwezi mmoja wa Novemba 1934, siku 21 tu zikiwatenga. Na Gonzales je? Huyu ndiye aliyeonewa zaidi na kalenda. Alicheza Wimbledon mwaka 1949 akiwa kijana, akatoka mapema. Katika miaka yote ya nguvu zake, ambapo wengi walimhesabu kuwa hodari kupita wote, hakuruhusiwa kukanyaga majani ya pale. Aliporudi Agosti 1967 alikuwa na miaka 39.

MICHEZO YENYEWE

Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Agosti. Mchezo uliowashika watu roho ulikuwa wa Gonzales na Hoad. Wawili hawa walijuana sana. Mwaka 1958 walisafiri pamoja kwa miezi mingi wakipigania ubingwa wa watu wa kulipwa. Hoad alianza kwa kuongoza, kisha mgongo ukamsumbua, na Gonzales akamaliza na ushindi 51 kwa 36. Sasa walikutana wote wawili wakiwa wameuacha ujana nyuma. Gonzales akachukua seti ya kwanza 6 kwa 3. Seti ya pili ilivutana kama kamba ya watu wenye nguvu sawa, hata Hoad akaipata 11 kwa 9. Ya tatu nayo haikutaka kwisha. Mwisho Hoad akashinda 8 kwa 6. Kwa jumla walicheza gemu 43 ili kumpata mshindi mmoja. Mtazamaji aliyedhani kwamba mtu wa kulipwa hucheza kwa uvivu, akihesabu mshahara wake, aliona mwenyewe kwamba sivyo.

Laver, Rosewall na Gimeno nao wakashinda katika mzunguko huo. Jumamosi ikawakutanisha Laver na Gimeno, na Rosewall na Hoad. Hapo Rosewall alimlipa rafiki yake deni la mwaka 1956. Miguu ya Hoad, iliyochoshwa na vita vya Gonzales, haikuweza kuifuata mipira ya Rosewall, ambayo daima ilitua mahali ilipotumwa kana kwamba imewekwa kwa mkono. Laver naye akamshinda Gimeno. Hata katika mchezo wa wawili kwa wawili palikuwa na mashindano, nao Gonzales na Gimeno wakawashinda Laver na Stolle. Kwa hiyo mzee yule hakurudi kwao mikono mitupu.

Jumapili hapakuchezwa. Jumatatu tarehe 28 Agosti, ambayo Uingereza ilikuwa sikukuu, Laver na Rosewall waliingia Uwanja wa Kati kwa mchezo wa mwisho. Hapakuwa na watu wawili duniani waliojuana zaidi kwa raketi. Rosewall alikuwa mwembamba, si mrefu, na pigo lake la upande wa nyuma wa mkono lilisifiwa na wote. Laver pia hakuwa mtu wa umbo kubwa, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu ya ajabu, naye aliupinda mpira kwa namna ambayo mwenziwe hakuweza kujua utaruka wapi ukigusa ardhi.

Laver alianza kama moto wa nyikani. Alichukua seti ya kwanza 6 kwa 2, na ya pili 6 kwa 2. Hapo wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini Rosewall hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikuwa amengoja tangu mwaka 1956 kuufikia tena mchezo wa mwisho katika uwanja ule. Gemu zikapita sita kwa sita, zikapita nane kwa nane, zikafika kumi kwa kumi. Mwisho Laver akapenya, akamaliza 12 kwa 10. Gemu 22 katika seti moja! Zawadi yake ilikuwa pauni 3,000.

Na watazamaji je, walikuja? Walikuja kwa maelfu, na mamilioni ya watu hawakuwapo lakini waliweza kuona nyumbani. Hilo ndilo jibu ambalo Herman David alilitaka. Wiki chache kabla yake, mwezi wa Julai, John Newcombe alikuwa ameshinda mashindano ya Wimbledon ya watu wa ridhaa, akimshinda Wilhelm Bungert katika mchezo wa mwisho 6 kwa 3, 6 kwa 1, 6 kwa 1. Watu waliotazama michezo yote miwili waliweza kupima wenyewe, wala hawakuhitaji kuelezwa na mtu. Newcombe mwenyewe naye hakukawia kuufuata mkataba wa kulipwa.

UKUTA UNAANGUKA

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tarehe 14 Desemba 1967 chama cha tenisi cha Uingereza kilikutana, kikapiga kura ya kuondoa kabisa tofauti baina ya watu wa ridhaa na watu wa kulipwa. Waliokubali walikuwa 295, waliokataa 5. Chama cha dunia kilitishia kuwafukuza Waingereza, lakini Waingereza hawakurudi nyuma. Tarehe 30 Machi 1968 wajumbe wa nchi nyingi wakakutana tena Paris, katika mji ule ule ambapo shauri lilianguka mwaka 1960, na safari hii wakakubali. Mashindano 12 yaliruhusiwa kuwa ya wazi kwa mwaka huo.

Ya kwanza yalifanyika Bournemouth, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Aprili 1968. Huko likatokea jambo la kuchekesha na la kufundisha. Mark Cox, Mwingereza wa ridhaa, alimshinda Pancho Gonzales katika seti tano. Kumbe watu wa ridhaa nao hawakuwa watoto! Mlango ulipofunguliwa, kila mtu alipata nafasi ya kupimwa kwa kazi yake, si kwa jina la kundi lake. Mchezo wa mwisho ulikuwa tena wa Laver na Rosewall, na mara hiyo Rosewall akashinda, akapokea pauni 1,000. Bingwa wa wanawake alikuwa Virginia Wade, ambaye bado alikuwa wa ridhaa. Kwa hiyo aliziacha pauni 300 alizostahili.

Mwezi wa Julai Wimbledon yenyewe ikawa wazi, na Laver akashinda, akimshinda Tony Roche katika mchezo wa mwisho. Mwaka uliofuata, 1969, alishinda tena mashindano yote manne makubwa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusema kwamba walio bora hawakuwapo. Mwaka huo huo Gonzales, mwenye miaka 41, alicheza Wimbledon na Charlie Pasarell gemu 112 kwa siku mbili, akashinda baada ya kupoteza seti mbili za kwanza. Uwanja uliomkosa katika ujana wake ulimwona walau katika jioni yake.

YALIYOSALIA

Tusiseme kwamba haki yote ilitimia siku moja. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1968, mshindi alikuwa Arthur Ashe, Mmarekani mweusi, mwanajeshi, naye alikuwa bado wa ridhaa. Alimshinda Tom Okker wa Uholanzi. Dola 14,000 za mshindi akapewa Okker aliyeshindwa, na Ashe akapata posho ya gharama za kila siku tu. Kanuni za zamani zilikuwa zimekufa, lakini mkia wake ulikuwa bado unatikisika.

Tena, wale wanane wa mwaka 1967 walikuwa wanaume watupu. Mwaka 1968 Laver alipopewa pauni 2,000 Wimbledon, bingwa wa wanawake, Billie Jean King, alipewa pauni 750. Bibi huyo hakunyamaza. Mashindano ya Marekani yakaanza kutoa zawadi sawa mwaka 1973, na Wimbledon ikafanya hivyo mwaka 2007. Ukiondoa dhuluma moja, ile iliyokuwa imejificha nyuma yake huonekana; nayo ina kazi yake.

Wazee wetu walisema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba kivikwe gizani, wala hawakusema kwamba kidole kikisha kuvikwa kikatwe. Fundi wa jahazi hulipwa kwa jahazi lake, na mpiga ngoma hodari hutunzwa mbele ya watu wote, wala hakuna amwambiaye kwamba kwa kupokea tunzo ameacha kuipenda ngoma. Laver na Rosewall walipokuwa kumi kwa kumi alasiri ile ya Jumatatu, kila mmoja alikwisha jua kwamba atalipwa, ashinde au ashindwe. Hata hivyo hawakuachiana hata mpira mmoja. Waliokuwa wakidai kwamba ujira huua moyo wa mchezo walijibiwa hapo, na jibu lilitolewa katika uwanja wao wenyewe.